Programu kujibadilishia majedwali ya hifadhidata: tabia hii ikome

Ndugu wasanidi wenzangu wa Nairobi, nimechoshwa na mtindo wa kuiachia programu iamue yenyewe, kila inapowashwa, majedwali ya hifadhidata yawe na umbo gani. Hivi majuzi nilikabidhiwa mfumo wa chama cha akiba na mikopo ambao walionitangulia waliuacha na TypeORM (maktaba inayounganisha msimbo na hifadhidata) ikiwa imewekewa "synchronize: true", yaani ilinganishe majedwali na msimbo kila programu inapowashwa, ingawa maelezo rasmi ya TypeORM yenyewe yanaonya dhidi ya mpangilio huo kwenye mfumo halisi. Mtu alibadilisha majina ya nyuga mbili za jedwali moja kwa mpigo katika msimbo, mojawapo kutoka "simu" hadi "nambariSimu". Majina yakibadilika zaidi ya moja kwa pamoja, programu haina namna ya kujua kwamba kilichobadilika ni majina tu, kwa hiyo iliifuta safu ya "simu" pamoja na data yake, ikaunda nyingine tupu. Makarani wamelazimika kuchapa upya nambari za wanachama kutoka kwenye fomu za karatasi, huku wazee waliokuja kuchukua mikopo yao wakisubiri kwenye foleni.

Wanaotumia Hibernate, maktaba kama hiyo ya lugha ya Java, wasidhani wamesalimika. Ikiwekewa "update" haifuti safu, lakini huongeza mpya na kuiacha data katika ile ya zamani.

Kuna pia suala la kufuli, yaani hifadhidata kulifunga jedwali kwa muda ili wengine wasiliguse, ambalo wengi hulipuuza. Katika hifadhidata ya PostgreSQL, amri nyingi za ALTER TABLE, zile za kubadilisha umbo la jedwali, huhitaji kufuli kali kuliko zote. Ripoti ndefu ikiwa bado inasoma jedwali hilo, amri husubiri, na kila ombi linalofuata, hata la kusoma tu, hupanga foleni nyuma yake. Katika hifadhidata ya MySQL, kila amri ya aina hiyo hukamilisha papo hapo muamala (kundi la amri zinazotekelezwa kwa pamoja), hivyo mabadiliko yakikwama katikati hayarudishwi nyuma kwa ROLLBACK, amri ya kutengua muamala.

Vifaa vya kufanya kazi hii kwa utaratibu vipo: Django, mfumo wa kuundia programu za wavuti kwa Python, imekuwa navyo ndani yake tangu toleo la 1.7 mwaka 2014, na watu wa Java wana Flyway na Liquibase. Kila badiliko liandikwe katika faili, likaguliwe na mtu wa pili, na lijaribiwe kwenye nakala ya data. Safu inayobadilishwa jina iongezwe kwanza, data inakiliwe, na ya zamani ifutwe katika toleo la baadaye. Zaidi ya yote, akaunti ambayo programu hutumia kila siku isimiliki majedwali wala isiwe na ruhusa ya kuyabadilisha. Mnaoendesha mifumo ya pesa za watu hapa mjini bila kinga hiyo, naomba mtueleze hapa ni kwa sababu gani.