Naombeni ushauri wa haraka: ile gemu ya matofali yanayoshuka, Jumamosi nakutana na dogo mmoja

kijana_wa_bondeni: Wakuu habari za jioni. Kwa wanaoijua Tetris naombeni msaada. Kuna dogo mtaani tunacheza naye Jumamosi hii, na mimi kwenye simu niko vizuri tu, nabananisha upande wa kushoto, safu moja ya kulia naiacha tupu, kile kirefu kikija nakizamisha pale mistari minne inaondoka kwa mpigo. Shida ni kikichelewa, ukuta unapanda hadi mikono inatetemeka. Kikichelewa nifanyeje? Tangu juzi silali vizuri.

Mzee wa Kota: Umenikumbusha mbali sana mdogo wangu. Sisi tulicheza kwenye vile vikebe vya betri, vimeandikwa gemu 9999, ukifungua unakuta ni zilezile zinajirudia. Nilikuwa bwenini naficha chini ya godoro mpaka patroni akakichukua, sijakiona tena. Hii gemu aliibuni Mrusi anaitwa Pajitnov, Moscow, mwaka 1984, kwenye kompyuta isiyo na picha kabisa, matofali yalikuwa mabano tu ya kuchapa.

fundi_wa_tv: Kabla ya ushauri, mnachezea mashine gani? Jibu lote liko hapo. Gemu nyingi za simu zinatoa maumbo kwa mafungu ya saba saba, kila fungu lina kirefu kimoja, kwa hiyo kati ya kirefu na kirefu hayapiti maumbo 12. Na kuna kile kisanduku cha kuwekea umbo akiba. Kaseti ya Nintendo ya 1989 haina vyote viwili.

kijana_wa_bondeni: Ni kaseti, kwenye banda la gemu. Ila sidhani kama tofauti ni kubwa hivyo, matofali ni yaleyale na mkono nimeshauzoesha.

fundi_wa_tv: Kubwa mno kaka. Kwenye kaseti ni bahati tupu, unaweza kuletewa maumbo 30 bila kirefu. Ukuta ukifika nusu ya kioo acha kusubiri, ziba ile safu ya kulia kwa chochote, kula mstari mmoja mmoja au miwili mpaka ushuke, ndiyo uanze kujenga tena. Najua alama zinauma, level 9 mistari minne kwa mpigo ni 12,000 na mmoja ni 400 tu, lakini ukijaa mpaka juu raundi imeisha, huongezi kitu. Na usilaze umbo juu ya tundu ukisema nitarudi, hutarudi.

Mama Wawili: Mtu mzima anakosa usingizi kwa ajili ya gemu? Hapo kuna hela. Sema ukweli wako mwanangu.

kijana_wa_bondeni: Sawa mama. Laki moja na elfu ishirini na tano, nimeshaitoa, anaishika mwenye banda. Ni ada ya mdogo wangu, chuo cha ufundi. Lakini kabla hamjanishambulia nisikilizeni, ada yenyewe ni laki mbili na nusu, nilikuwa na nusu yake tu na chuo hawapokei nusu, kwa hiyo nikishinda inatimia palepale. Hela ilikuwa imekaa tu haimsaidii.

Mama Wawili: Haikuwa yako. Mimi nilisomeshwa na kaka aliyekuwa anapaki mahindi sokoni usiku, hakuwahi kuigusa ada yangu hata siku tuliyolala njaa. Kesho kaichukue.

Chumvi ya Mawe: Na huyo dogo usimchukulie poa. Desemba 2023 mtoto wa miaka 13 kule Marekani aliicheza hiyohiyo ya Nintendo mpaka level 157 gemu ikaganda, ilikuwa haijawahi kufanywa na binadamu tangu itoke. Watoto wana vidole vya ajabu.

popo_wa_usiku: Wakuu hii ni chai, tena ya moto. Tetris ya Nintendo haina sehemu ya kucheza watu wawili. Mnashindana vipi? Mods ufungeni huu uzi.

kijana_wa_bondeni: Chai ya nini sasa ndugu, nitunge habari ya mdogo wangu ili nipate nini? Tunacheza kwa zamu, kila mtu raundi tatu, alama zinaandikwa kwenye daftari, zinajumlishwa.

popo_wa_usiku: Anaandika nani?

kijana_wa_bondeni: Mwenye banda.

fundi_wa_tv: Na hela ya upande wa dogo kaweka nani?

kijana_wa_bondeni: Kaka yake.

fundi_wa_tv: Kaka yake ndiyo nani?

Mama Wawili: Mbona umekaa kimya?

kijana_wa_bondeni: Ndiyo huyohuyo mwenye banda. Lakini ni mtu ninayemfahamu miaka mingi, tumekua wote.

popo_wa_usiku: Nafuta kauli yangu ya chai. Ndugu yangu vaa viatu uende sasa hivi, usisubiri kesho.

kijana_wa_bondeni: Nimefika. Mlango umefungwa kwa ndani ila taa inawaka. Dogo anafanya mazoezi, nasikia ule mlio wa mistari minne na mwanga wa tivii unapiga kwenye matundu ya bati. Tangu nisimame hapa ni mara tatu. Nabisha hodi.