Injini ya 5L: niifungue mwenyewe au ninunue nyingine ya kutoka Japani?

Mkulima wa Ilula

Wakuu, salaam. Ninamiliki Toyota Hilux yenye injini ya dizeli ya 5L, ile ya sentimita za ujazo 2986, ambayo kwa miaka tisa imenibebea nyanya na vitunguu kutoka Ilula kwenda Morogoro. Mwezi uliopita, nikirudi na gari tupu, mshale wa joto ulipanda nikiwa katikati ya mlima wa Kitonga, nikalazimika kusimama hadi injini ilipopoa. Tangu siku hiyo gari linawaka kwa shida asubuhi, linatoa moshi mweupe kwa dakika kadhaa, maji ya rejeta yanapungua ingawa sioni yanapovujia, na nguvu ya kupanda mlima si ile niliyoizoea.

Fundi wa kwanza niliyemwendea hakufungua chochote. Alisikiliza kwa dakika tano, akasema injini imekwisha na ninunue nyingine ya kutoka Japani. Wa pili anataka kuishusha, achonge bloku (kupanua matundu ya silinda) na kuweka pistoni na ringi mpya, na gharama aliyonitajia inakaribia theluthi mbili ya bei ya injini hiyo ya Japani. Mimi mwenyewe nilisoma ufundi magari chuo cha VETA miaka mingi iliyopita, nina spana za kutosha na banda lenye sakafu ya saruji, na ninaamini nikipewa muda ninaweza kuifungua na kuifunga. Nimesikia pia kwamba katika nchi nyingine mtu hununua injini iliyofufuliwa kiwandani na kupewa dhamana yake. Je, jambo hilo lipo kwetu? Na kama halipo, ninyi mngechagua lipi?

Fundi wa Gerezani

Mkuu, pole sana. Mimi nisingechagua lolote kabla ya kupima mgandamizo (presha ya hewa inayobanwa na pistoni) wa kila silinda, kwa sababu dalili ulizozitaja zinaelekea zaidi kwenye gasketi ya hedi iliyoungua, ile inayoziba kati ya bloku na hedi, au silinda hedi yenyewe (kifuniko cha juu cha injini) iliyopasuka, kuliko kwenye pistoni. Injini iliyochoka ringi hutoa moshi wa bluu, hula oili, na ukifungua mfuniko wa oili wakati inanguruma utaiona inapumua kwa nguvu. Wewe hukutaja hata kimoja kati ya hivyo, na huyo anayetaka kuchonga bloku sijui ameona nini.

Toa hita plagi zote nne na ufunge geji ya dizeli, kwani geji ya petroli haihimili mgandamizo huo. Kata umeme unaokwenda kwenye solenoidi ya pampu ili dizeli isiingie, kisha zungusha injini kwa stata ukiwa na betri iliyojaa. Kwa injini hii kitabu cha Toyota kinataka mgandamizo usiopungua kilo 20 kwa sentimita ya mraba, na tofauti kati ya silinda moja na nyingine isizidi kilo 5. Silinda zote zikiwa zimeshuka kwa kulingana, hapo ndipo tuzungumze habari ya ringi na kuchonga. Zikishuka mbili zinazopakana, tatizo liko juu, baina yao.

Kuhusu kuifanya mwenyewe, sina wasiwasi na mikono yako. Wasiwasi wangu uko kwenye karakana ya kuchonga, ambako hutakuwepo. Ikibidi kuchonga, nunua pistoni kwanza na umpelekee mchongaji azipime kwa maikrometa, achonge kila silinda kufuata pistoni yake. Ukimwambia tu "niongezee milimita 0.50" halafu pistoni zije baadaye, utafunga injini ambayo ama inagonga ikiwa baridi, ama inakwama ikipata moto. Krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, nayo haisagwi kwa mazoea: ipimwe kila shingo inayokaa kwenye beringi, na kama haijachakaa iachwe kama ilivyo, kwa sababu nimeona krenki nzima zikisagwa ili tu fundi auze beringi za krenki iliyopunguzwa milimita 0.25.

Jambo jingine ambalo wengi hulipuuza ni unene wa gasketi ya hedi. Injini za ukoo huu wa L hutolewa gasketi za unene wa aina tatu, zenye alama za herufi B, D na F, na anayechagua ni kipimo cha jinsi vichwa vya pistoni vinavyochomoza juu ya uso wa bloku. Muuza spea atakupa iliyopo rafuni. Ukifunga nyembamba mno, pistoni inaweza kugonga hedi au valvu. Ukifunga nene mno, mgandamizo unashuka na gari litawaka kwa taabu kila asubuhi ya Iringa hata kama kila kitu kingine ni kipya. Nje ya bloku mkanda wa taimingi ubadilishwe, kwa sababu ndio unaoendesha pia pampu ya dizeli na ukikatika utapoteza valvu.

Nina swali moja: thamostati, ile valvu inayofunguka maji yakipata moto, ipo? Mafundi wetu wana tabia ya kuiondoa wakidhani wanaipoza injini, ilhali katika injini nyingi za Toyota thamostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji. Ukiiondoa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na hilo huonekana mlimani.

Matatu Nakuru

Ndugu yangu, mimi nilipitia njia ya kununua, na si kwa sababu nilishauriwa vibaya. Gari lilikuwa la biashara na sikuweza kulilaza wiki tatu. Nilinunua 5L kamili jijini Nairobi kwa muuzaji ambaye sitamtaja. Ilikuwa imeoshwa ikang'aa, na dhamana yake ilikuwa ya kuiwasha tu: ikiwaka na isipogonga, mkataba umekwisha. Iliwaka vizuri. Baada ya miezi minne ilianza kunywa oili, lita moja kila wiki, na tulipofungua tukakuta silinda ya nne ina mikwaruzo ya zamani, ambayo bila shaka ilikuwepo ilipopakiwa kontena.

Tangu hapo nimejifunza kutosadiki maneno ya "kilomita chache". Gari la Japani haliondoki nchini mwao kwa kuwa injini yake ni nzima. Linaondoka kwa kuwa ukaguzi wa lazima wa kila miaka miwili una gharama kubwa, na kwa kuwa kodi ya mwaka huongezwa gari la dizeli likipita miaka 11. Isitoshe, 5L nyingi zinazotoka huko zilikuwa kwenye Hiace za kizazi kilichokoma mwaka 2004, kwa hiyo unayouziwa leo ina zaidi ya miaka ishirini, sawa na yako au zaidi. Tofauti ni kwamba yako unaijua ilitumia oili gani na ilipata joto lini.

Ukilazimika kununua, omba wafungue karta ya oili (bakuli la chini ya injini) uone kama kuna vumbi la chuma, tazama ndani ya mfuniko wa valvu kama kuna tope jeusi, na upime mgandamizo palepale dukani. Muuzaji akikataa, nenda kwa mwingine. Chukua risiti pamoja na nakala ya hati za forodha. Huku kwetu namba ya injini imeandikwa kwenye hati ya umiliki, na nadhani kwenye kadi yenu ya gari ya TRA ni vivyo hivyo, kwa hiyo ukiibadilisha bila kuirekebisha utapata shida siku ya kuuza gari, kama si siku ya kusimamishwa barabarani.

Msafiri Ohio

Nitajibu lile la injini za kiwandani tu, maana Marekani ni jambo la kawaida. Kiwanda hupokea injini kuukuu, huifungua yote, huosha vyuma kwa dawa na joto, hupima kila kipande na kuchonga hadi kipimo cha awali au cha ovasaizi (kikubwa kidogo kuliko cha awali) kinachokubalika, kisha huweka ringi, beringi, sili na gasketi mpya na kuijaribu kabla ya kuiuza. Dhamana ya miaka mitatu si ajabu. Mnunuzi hulipa pia amana, ambayo hurudishiwa akipeleka injini yake ya zamani, kwa sababu hiyo ndiyo malighafi ya kiwanda, na bloku iliyotoboka hupunguza amana hiyo au kuifuta.

Mfumo huo unasimama kwa sababu injini za aina moja ni nyingi na barabara za kuzirudisha zipo. Kuagiza moja kutoka huku hadi Iringa, na 5L hata haikuuzwa ndani ya Hilux za Marekani, ni kujitafutia hasara, na dhamana haitavuka bahari pamoja nayo. Angalia tu maneno: huko nyumbani nimewahi kuona injini iliyopakwa rangi ya fedha na kuwekewa gasketi mpya ya hedi ikiuzwa kama "iliyofufuliwa". Ukiambiwa hivyo, uliza karatasi ya vipimo vya silinda na krenki. Aliyepima anayo.

Mkulima wa Ilula

Ninawashukuru wote. Nimeazima geji mjini na nimepima leo asubuhi. Silinda ya kwanza imetoa kilo 27, ya pili 18, ya tatu 17, na ya nne 26. Nimerudia mara mbili na majibu hayakubadilika. Thamostati haipo, nimekuta nyumba yake tupu, na aliyeiondoa simjui, kwa kuwa gari nililinunua likiwa limeshatumika.

Fundi wa Gerezani

Basi usinunue injini, na usimruhusu mtu achonge bloku. Fungua hedi peke yake. Legeza boliti kidogo kidogo kuanzia za nje kuingia ndani, injini ikiwa baridi kabisa, halafu tazama gasketi kati ya silinda ya pili na ya tatu.

Mkulima wa Ilula

Nimeifungua jana. Gasketi imeungua palepale ulipopataja, kwa upana wa kidole, na kwenye hedi kuna mstari mwembamba kati ya valvu mbili za silinda ya tatu ambao sijui kama ni ufa au ni alama ya masizi. Ukutani mwa silinda bado naona mistari ya msalaba ya kiwandani, isipokuwa juu kabisa ringi zinapoishia. Nimeweka rula ya chuma juu ya bloku na filageji (bamba jembamba la kupimia nafasi) ya milimita 0.05 haipiti popote. Jumatatu ninaipeleka hedi kwa mchongaji aijaribu kwa maji yenye presha, nami nitakaa hapo hapo hadi amalize. Kuhusu gasketi, vichwa vya pistoni nitavipimaje kama sina geji ya saa, ile yenye mshale, au itabidi niiazime nayo?