Tupeane uzoefu: uliyewahi kupanda Udzungwa, nini kilikukuta?

Mla Muwa: Wakuu, leo nimepita Mang'ula, pale chini ya Udzungwa, na basi la Ifakara. Nikainua macho, mlima umejifunika mawingu, magoti yakaanza kuuma yenyewe. Mwaka juzi nilipanda maporomoko ya Sanje na viatu vya ofisini nikijua ni matembezi tu. Mita 170 zile! Kushuka nilishuka kwa makalio. Tiririkeni.

Kisu Butu: Uzi bila picha haunogi.

Binti Mtama: Mimi siafu. Tulikwenda njia ya Mwanihana, ile ya kulala porini, mimi na mchumba, rafiki zake wawili na askari wa hifadhi. Usiku wa kwanza mvua. Nashtuka kichwa kinawasha, nashika nywele, zinatembea! Nikapiga yowe. Mchumba badala ya kunikung'uta akafungua zipu ya hema, akatoka mbio na tochi, na kaptula yake moja. Nikabaki gizani, siafu mpaka sikioni, navua nguo sijui hata nani ananiona. Askari ndiye aliyenivuta nje, akanitupia koti lake, akageukia pembeni: "Vua tu dada, siafu hana aibu." Tulikesha wima. Asubuhi wameshaondoka zao, mkate hamna.

Kisu Butu: Mchumba alirudisha tochi?

Mzee wa Lupanga: Mzungushie hema majivu, hawapiti.

Dereva Mstaafu: Majivu wapi na mvua ile? Mwaga mafuta ya taa.

Mla Muwa: Mafuta ya taa ndani ya hifadhi? Utalala ndani mzee.

Mzee wa Lupanga: Udzungwa mnaisifu bure. Njooni Uluguru mpande kilele cha Lupanga, mtaita mama zenu.

Mpunga Mbichi: Uluguru mna tembo?

Mzee wa Lupanga: Tembo wa nini, tunapanda mlima au tunakwenda sarakasi?

Mpunga Mbichi: Mimi mzaliwa wa chini ya Udzungwa. Tembo mnaolipia kuwaona sisi wanatufuata shambani bure, wanamaliza mpunga usiku mmoja. Na msitu mnaouita wa kutalii, mama yangu aliingia kuokota kuni, siku moja kwa wiki, mpaka 2011 ikafungwa kabisa.

Dereva Mstaafu: Ndiyo maana bado upo. Mngeufyeka, na maji ya mto mngekunywa wapi?

Mpunga Mbichi: Kuni kavu zilizoanguka zinafyeka nini, mzee? Wewe unapikia gesi.

Dereva Mstaafu: Mkaa.

Kisu Butu: 😂😂

Mla Muwa: Jamani turudi kwenye mada. Nani amemwona ng'olaga, yule nyani wa Sanje? Mimi nilimsikia tu.

Mpunga Mbichi: Huyo wanasema wataalamu walimgundua 1979. Babu yangu alikuwa ameshamtukana miaka mingi.

Mgeni Jijini: Samahani wakuu, Jumamosi tunakwenda na ofisi. Raba au buti?

Mzee wa Lupanga: Buti.

Dereva Mstaafu: Raba, buti likilowa ni jiwe. Na suruali chomeka ndani ya soksi.

Mla Muwa: Chochote, ila si vya ofisini.

Kisu Butu: Binti Mtama usitukimbie. Yule wa tochi mlioana?

Binti Mtama: Yuko hapa pembeni anasoma. Anasema alikwenda kuita msaada.

Kisu Butu: Na kaptula?

Mgeni Jijini: Kwa hiyo raba?