Soave, Soave Classico, Soave Superiore: tofauti iko wapi?

mwambao_kgm
Wakuu, naandaa orodha ya vinywaji ya hoteli hapa Kigoma. Msambazaji ana Soave, mvinyo mweupe wa Italia, za aina tatu: ya kawaida, Classico na Superiore, bei zinapishana sana. Ni mbwembwe za lebo? Halafu kuna chupa zimefika vizibo vimenyanyuka. Nizipokee?

mzabibu70
Si mbwembwe mkuu, ni sheria. Zote zinatoka mkoa wa Verona, Italia, na zote lazima ziwe na zabibu za Garganega zisizopungua asilimia 70; nyongeza mara nyingi ni Trebbiano di Soave au Chardonnay. Classico ni suala la mahali: vilima vya Soave na Monteforte d'Alpone, kitovu cha zamani. Superiore ni mavuno na nguvu: hekta isizidi tani 10 za zabibu (ya kawaida inaruhusiwa 15), kilevi kisipungue asilimia 12. Garganega huzaa kupita kiasi. Ukiuachia mzabibu ubebe utakavyo unapata maji-maji yenye uchachu wa ndimu, ile ladha ya lozi mwishoni huioni.

Superiore ni DOCG (daraja la juu kabisa la mvinyo kisheria Italia) tangu 2001, kwa hiyo shingoni lazima pawe na utepe wa karatasi wenye namba. Haupo? Rudisha. Na usichanganye na Recioto di Soave: zabibu zake huanikwa miezi kadhaa kabla ya kukamuliwa, mvinyo wake ni mtamu. Mpelekee huo mtu aliyeagiza samaki uone.

stoo_baridi
Hizo za vizibo usipokee. Mvinyo umepata joto safarini, umetanuka na kusukuma kizibo. Ukipoa unavuta hewa ndani. Pitisha kidole mdomoni mwa chupa: pametuna, au pana unata uliochuruzika? Fungua moja. Rangi ikiwa imekolea kuelekea kahawia na harufu ni ya tufaha lililokatwa likaachwa, mzigo umeharibika. Ikinuka kadibodi iliyolowa, hilo ni tatizo la kizibo cha chupa hiyo tu, zilizobaki zinaweza kuwa nzima.

Laza chupa sakafuni kwenye chumba cha giza, siyo juu ya friji. Pale pana joto la mashine.

mwambao_kgm
Shukrani. Na samaki mgebuka wa kukaanga, niandike Soave ipi?

mzabibu70
Classico, nyuzi 8 hadi 10. Mafuta ya mgebuka yanataka uchachu. Akipikwa kwa nazi, toa Superiore, na isitoke kwenye friza: ikiwa barafu hainukii kitu.