Broken Blossoms: mzungu kuigiza Mchina, bado tuisifie?

Mzee wa Projekta: Wadau, jana nimeimaliza Broken Blossoms, sinema bubu ya D. W. Griffith ya 1919, iliyotokana na hadithi fupi ya Thomas Burke. Kule Limehouse, London, Mchina mwenye duka anamhifadhi Lucy, binti anayepigwa na babake bondia. Ila Mchina mwenyewe ni Richard Barthelmess, Mmarekani mweupe, kafumba macho nusu na kupinda mgongo mwanzo mwisho. Tunaisifia ya nini?

Kipanga: Mkuu, usihukumu ya jana kwa macho ya leo. Enzi hizo Hollywood walikuwa na Mwasia gani?

Bint Saidi: Sessue Hayakawa! Mjapani, nyota tangu 1915. Uliza kwanza ndiyo uandike.

Kipanga: Mjapani naye si Mchina. Mimi aliyenichosha ni Lucy. Anapandisha midomo kwa vidole viwili eti anatabasamu! Na mlango anauona, si akimbie?

Nyuma ya Soko: Kaka Kipanga, hapo umenichoma. Nimelelewa nyumba kama ile. Mzee akiuliza "umenuna nini?" unacheka, taya linauma hivyo hivyo. Vile vidole ndiyo kweli yenyewe. Akimbilie wapi? Mimi nilikimbilia kwa jirani, akanirudisha kabla ya isha.

Kipanga: Pole sana dada. Nilisema uigizaji, sikukulenga wewe.

Nyuma ya Soko: Basi katazame tena pale kabatini. Baba anapasua mlango kwa kishoka, Lillian Gish, aliyemwigiza Lucy, anazunguka papo hapo, anagonga kuta. Mwanamke wa miaka 25, na mimi nilimwona mtoto.

Mzee wa Projekta: Jamani, swali langu ni Mchina! Griffith huyu huyu ndiye aliyewatukuza Ku Klux Klan, lile kundi la Wamarekani weupe wabaguzi, kwenye sinema yake ya 1915.

Bint Saidi: Tumekusikia mzee, subiri kidogo. Kipanga, kumbuka mwanzoni: mama mwenye watoto tele anamwambia Lucy asiolewe kamwe. Makahaba nao wanamwonya asifuate njia yao. Sasa huo mlango unaousema ni upi?

Kipanga: Hilo lilinipita. Dada, yule jirani alijua unapigwa?

Nyuma ya Soko: Alijua. Kati yetu na yeye palikuwa na bati moja tu.