MREJESHO: Maji ya mifugo kuganda, banda halina umeme

Wakuu, niliuliza namna ya kuzuia maji ya ng'ombe na mbuzi yasigande wakati wa baridi, bandani hakuna umeme. Asanteni sana wote mliojibu.

Ushauri wa tairi ndio uliofanya kazi kuliko yote. Nilichukua beseni kubwa jeusi, nikaliweka ndani ya tairi kuukuu la trekta, uwazi uliobaki nikaushindilia majani makavu. Juu nimefunika kwa ubao, nikaacha nafasi ya kutosha mdomo wa ng'ombe tu, maana joto jingi hupotelea kwenye uso wa maji. Limekaa upande wenye jua, ukuta unakinga upepo. Siku za baridi ya kawaida maji hayagandi mpaka jioni, wakati ndoo niliyoiacha kando kwa kulinganisha iliganda hadi chini.

Ushauri mwingine, wa kuelesha chupa za maji ya chumvi ndani ya beseni, haukusaidia sana. Upepo ukizitikisa chupa huzuia utando mwembamba wa barafu, lakini usiku ukitulia na baridi ikizidi, zinanaswa humo humo kwenye barafu. Atakayejaribu akaze vifuniko vizuri, chumvi isivujie kwenye maji ya kunywa.

Kwa hiyo asubuhi bado navunja barafu, ila sasa ni nyembamba, rungu moja inapasuka. Kisha naongeza maji ya uvuguvugu. Aliyesema watakunywa zaidi yakiwa hivyo, ubarikiwe sana: mbuzi wanaonyonyesha wanayakimbilia kabla hata sijaweka ndoo chini.