Mayai ya bata ya chumvi yameharibika, na mwanangu kaniaibisha mbele ya mama mkwe: naomba ushauri

MamaWawili_Tanga:
Wapendwa, habari za jioni. Nina mambo mawili yamenikaa kooni tangu Jumapili. Nayaleta pamoja kwa sababu yalitokea siku moja.

Niliwahi kufanya kazi za ndani Muscat miaka mitatu. Nyumba ile tulikuwa wawili, mimi na dada mmoja Mfilipino. Kila mwezi alikuwa anatia mayai ya bata kwenye maji ya chumvi, anayaacha wiki kadhaa, halafu anayachemsha. Ukilikata, ute ni mweupe wenye chumvi, kiini kimekolea rangi ya machungwa na kinatoa mafuta. Kwao wanayaita itlog na maalat. Tulikuwa tunayala na wali mweupe, nyanya na vitunguu vilivyokatwa, yaani kachumbari kabisa kama yetu. Ladha ile haijanitoka.

Sasa nimerudi nyumbani. Nina bata jike wanne, mayai yanajaa, na mtaani kwetu watu hawayanunui, wanasema yana shombo. Nikasema nijaribu. Nilichukua mayai kumi na mawili, chupa ya kioo ya achari yenye mdomo mpana, maji lita moja na nusu, chumvi vijiko vikubwa sita. Nikaiweka juu ya kabati la jikoni.

Kijana wangu wa miaka minane hakuipa chupa ile nafasi. Kila akitoka shule anapanda kiti, anafungua, anatia mkono, anageuza mayai. Nikimkataza anaitikia, nikitoka uani anapanda tena. Siku ya tisa nikaona maji yamefanya ukungu, yai moja lina ufa, na mayai yote yameinuka kidogo kutoka chini. Harufu nayo haikuwa nzuri.

Jumapili hiyohiyo mama mkwe akaja kutoka Pangani bila taarifa. Kapiga hodi, kaingia, mtoto amelala kifudifudi mkekani na simu ya baba yake, hata kichwa hakuinua. Nikamwambia amsalimie bibi, akajibu, "Subiri kidogo, nitapoteza." Basi bibi akaiona chupa, akaniuliza ni kitu gani. Nimeanza tu kumweleza, mtoto akadakia kwa sauti: "Bibi usile hayo, yananuka, mama anataka kukupa mabovu!"

Mama mkwe hakusema neno. Alikunywa chai nusu kikombe, akajifunga kanga yake vizuri, akasema anawahi gari. Usiku mume wangu akapigiwa simu, akaambiwa wanawe wanalelewa na simu. Mimi kwa hasira nilikuwa nimeshamchapa mtoto makofi mawili. Alilala na kwikwi, na mimi sikulala.

Naomba mnisaidie. Mayai yale yanaokoleka? Na huyu mtoto nimshike vipi ajue adabu bila kumvunja moyo?

BataMorogoro:
Pole sana dada. Naanza na mayai, malezi watakujibu wanaojua kuliko mimi.

Mwaga yote. Najua kumi na mawili yanauma, lakini usilionje hata moja. Vijiko sita kwa lita moja na nusu havitoshi kabisa. Chumvi kidogo hivyo kwenye joto la Tanga haizuii kitu, unakuwa umeyaloweka tu yaoze polepole. Na yai la ufa likishavuja humo, maji yote yameingia uchafu.

Kipimo ninachotumia mimi ni gramu 300 za chumvi kwa lita moja ya maji. Kama huna mizani, chemsha maji, tia chumvi huku unakoroga, endelea kutia mpaka uone chembe zinaanza kubaki chini haziyeyuki. Hapo maji yameshiba. Chumvi ya mawe inafaa sana na ni rahisi. Yaache maji yapoe kabisa, yawe baridi kama ya mtungi. Ukiyamimina ya moto unapika mayai nusunusu.

Mayai yawe ya siku chache. Yaoshe taratibu, yakaushe, kisha kagua moja moja. Washa tochi ya simu gizani, lishike yai mbele ya mwanga, ufa utauona kama uzi. Lenye ufa liliwe siku hiyohiyo, lipikwe liive.

Hilo la kuinuka ndilo linalowatisha wengi. Yai bichi zuri likitiwa kwenye maji matupu linazama na kulala chini. Ukilitia kwenye maji ya chumvi yaliyoshiba linaelea hata kama limetagwa asubuhi, kwa sababu maji yale ni mazito kuliko yai. Kwa hiyo jaribio la kuelea lifanye kabla, kwenye maji ya kawaida. Baada ya hapo kuelea siyo ishara ya ubovu, ila inabidi uyakandamize yazame yote. Tia maji ya chumvi kwenye mfuko safi wa plastiki, funga, uweke juu yake. Mfuko ukipasuka utamwaga chumvi ileile, hauharibu kitu. Usikandamize na kitu cha chuma, chumvi inakila.

Weka pa kivuli na ubaridi. Juu ya kabati jikoni kuna joto la jiko. Siku ya 21 toa moja, lichemshe, likate uone. Kiini kikiwa bado kimepauka na laini, ongeza wiki. Yakifika, yachemshe yote kwa dakika 15 tangu maji yaanze kutokota, weka kwenye friji. Mimi nayamaliza ndani ya wiki.

Mwalimu_Mstaafu:
Mwanangu MamaWawili, pole. Nimekaa na watoto wa darasa la kwanza na la pili maisha yangu yote ya kazi, nami nina wajukuu, kwa hiyo niruhusu niseme wazi.

Umemchapa kwa makosa matatu yaliyochanganyika, na yeye hajui kapigwa kwa lipi. La kwanza, hakumwamkia bibi yake. La pili, kadakia maneno ya wakubwa. La tatu, kasema mayai yananuka. Hili la tatu, mwanangu, lilikuwa kweli! Mayai yalinuka. Mtoto aliona bibi anaelekea kupewa kitu kibaya, akamkinga kwa njia aliyoijua. Ukimpiga kwa hilo, kesho atanusa kitu kibaya kweli na atanyamaza.

Alichokosa ni maneno. Mfundishe maneno yenyewe, usimwambie tu "kuwa na adabu", kwa mtoto wa miaka minane neno hilo halina mikono wala miguu. Mwambie: ukiona jambo baya mgeni akiwapo, njoo karibu yangu, sema "Mama, samahani, naomba nikunong'oneze." Halafu mfanyieni mazoezi.

Mazoezi ya mgeni nayo nayapenda sana. Toka nje wewe, piga hodi, uwe bibi. Yeye aweke chini alichoshika, aje mlangoni, aseme "Karibu, shikamoo", apokee mkoba, alete maji ya kunywa kwa mikono miwili. Kisha mbadilishane, yeye awe mgeni wewe uwe mtoto mkaidi usiyeinua kichwa. Hapo ndipo atakapoona inavyouma kusimama mlangoni bila kuitikiwa. Nimewafanyia watoto wengi, wanaanza kwa kucheka, halafu kuna mmoja anakasirika kweli kwa sababu hakupokewa. Akikasirika, somo limeingia.

Na simu. Naomba usinichukie, lakini jiulize wewe na baba yake mkipitiwa na mtu mkiwa na simu mkononi, mnaziweka chini?

Baba_Kigoma:
Mwalimu nakuheshimu lakini hapa mnamdekeza. Sisi tulilelewa kwa fimbo na tukawa watu. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mtoto anaambiwa msalimie bibi anajibu subiri? Enzi zetu ungeulizwa hilo neno umelitoa wapi.

MamaWawili_Tanga:
Kaka Baba_Kigoma, nimekusikia, na hata mimi nililelewa hivyo. Lakini nilichokiona ni kwamba baada ya makofi yale, Jumatatu alipanda kabati tena, tofauti ni kwamba safari hii alifunga mlango wa jikoni kwanza. Nimemfundisha kujificha tu.

Mwalimu, hilo la simu limenichoma. Mama mkwe alipopiga hodi nilikuwa nimeshika yangu.

Mayai nimeyafukia bustanini. Mtoto alisaidia kuchimba shimo, hatukusemeshana.

Leso_Mombasa:
Mamaa, usilie. Wangu alikuwa vivyo hivyo na birika la maziwa ya mgando, hawezi kupita bila kufunua. Nilichofanya ni kumkabidhi. Nilimwambia hili birika ni lako, wewe ndiwe utakayetwambia siku likiwa tayari, na hata mimi nikitaka kufunua nitakuomba ruhusa. Na kweli nikawa namuomba: "Baba, naomba nitazame maziwa." Alikuwa akijibu "Ngoja kesho" kwa sauti ya mzee mzima! Siku zikipita akaanza kuniomba yeye vitu kwa namna ile ile nilivyokuwa nikimuomba. Sikumwambia sema naomba. Alilipata kwa kulisikia likiambiwa yeye.

Hiyo chupa mpe. Mpe na kalenda, achore msitari kila jioni. Chupa iwe ya kioo aone ndani bila kufungua, na umwambie sababu ya kutofungua: mkono una uchafu, uchafu ukiingia siku zote zile ni bure. Watoto hufuata sababu kuliko katazo.

Nahodha_Mstaafu_Dar:
Nimefanya kazi na mabaharia wa Kifilipino melini, kwa hiyo naongeza kitu. Kuna mji mdogo unaitwa Pateros, ndani ya eneo la Manila, unaojulikana kwa mayai ya bata. Njia yao ya asili haitumii chupa. Wanachukua udongo, na ulio bora kwao ni wa kichuguu, wanachanganya udongo, chumvi na maji kwa kiasi sawa mpaka uwe kama zege la kukandika ukuta. Kila yai linapakwa udongo huo kote, yanapangwa kwenye sanduku, na yanakaa kama wiki mbili. Yakishachemshwa wanayapaka rangi nyekundu, mtu asije akayachanganya na mabichi sokoni.

Vichuguu kwetu vimejaa. Na kwa mtoto anayependa kutia mkono, mpe udongo auchezee. Yai likishapakwa hakuna cha kugeuza.

Angalizo moja: chumvi humo ni nyingi. Mwenye presha asile zima, na mtoto robo inamtosha, pamoja na wali.

MamaWawili_Tanga (baada ya wiki nne):
Wapendwa, nimerudi kuwapa majibu.

Tulitengeneza upya, mayai kumi kwenye chupa kwa kipimo cha BataMorogoro na manne kwa udongo wa kichuguu. Kijana ndiye aliyeyamulika kwa tochi, akalikataa moja ambalo mimi sikuona kitu. Tuliligonga, kweli lilikuwa na ufa kama unywele. Kalenda ameichora yeye. Siku ya 14 nilitaka kufungua chupa, nikamuomba ruhusa kama alivyosema Leso, akanikatalia. Nikakaa.

Hodi tunafanya kila jioni. Siku tatu za mwanzo alikuwa anacheka tu. Siku ya nne nilicheza mtoto mkaidi, nikamwacha amesimama mlangoni, akaita hodi, akaita tena, macho yakaanza kulengwa. Nikaacha mchezo nikamkumbatia. Tuliongea sana jioni ile kuhusu bibi.

Ya udongo tulichemsha mapema, mawili yalikuwa mazuri, mawili chumvi haijafika ndani. Ya chupa siku ya 21 kiini kilikuwa kigumu lakini kimepauka. Siku ya 27 tulikata jingine: rangi ya machungwa kabisa, mafuta yanang'aa kwenye kisu. Nilikaa chini.

Jana tulikwenda Pangani. Kijana alibeba bakuli la mayai matatu na kachumbari, kwa mikono miwili, tangu stendi mpaka kwa bibi yake. Akapiga hodi. Bibi alikuwa uani anaosha vyombo, hakusikia. Akapiga ya pili, ya tatu, kimya. Mlango uko wazi lakini hakuingia. Akanigeukia: "Mama, zimefika tatu, turudi?" Bibi ndipo akatokea anafuta mikono kwenye kanga. Kijana akasema, "Bibi shikamoo. Nisamehe, siku ile sikukuamkia." Haya mengine yote nilikuwa nimemfundisha, lakini akaongeza la kwake: "Haya hayanuki, nimenusa mimi."

Mama mkwe alikula robo kwa sababu ya presha yake, akaomba aongezewe nyanya. Kwangu hakusema mengi. Ila alituma mtu alete bata dume, akanipa nije naye.

Sijasema mambo yamekwisha. Kwenye gari wakati wa kurudi alidakia mazungumzo ya watu wazima mara mbili, nami nikamfinya bega, sikumpiga.

Swali la mwisho: maji ya chumvi yaliyobaki naweza kuyatumia tena, au nimwage?

BataMorogoro:
Hongera dada! Kama hakuna yai lililopasuka ndani na hayana harufu, yachuje, yachemshe yatokote, ongeza chumvi mpaka yashibe tena, yapoe. Mimi narudia mara moja tu, batchi ya tatu nafanya maji mapya. Yasimwagwe bustanini, yataua mboga.